Bia Nyekundu Iliyokata Roho Siku ya Tatu

Benchi lenyewe liko Etterbeek, jijini Brussels, mbele ya duka la kufulia nguo, pale tramu inapokata kona ikipiga kelele kama imefinywa. Wenyewe wanaliita Bunge, na kama mabunge mengine, limejaa watu wanaoamua kabla ya kusikiliza. Lina sheria moja: kahawa humiminwa na mwanamke mdogo kuliko wote. Mdogo huyo, tena wa pekee, ni Frida, mwanafunzi wa kutoka Moshi, anayemimina tangu Septemba huku akisaga meno. Ndipo akawawekea dau: atapika bia nyekundu ya Ireland, kuanzia nafaka. Ikitoka nzuri, wanaume watamimina mpaka Pasaka. Ikiharibika, atamimina yeye mpaka apate shahada. Akasaga kimea cha shayiri, akaongeza konzi ya shayiri iliyokaangwa ikawa nyeusi, ile inayoleta wekundu, akaloweka saa nzima kwenye maji ya moto, akachuja, akachemsha na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na ilipopoa akatia chachu. Lita ishirini. Chumba chake kina joto la tanuri, basi ndoo ikahifadhiwa kwenye stoo baridi ya chini ya ardhi, nyumbani kwa Tonton, yaani Mjomba, Banza, mstaafu kutoka Likasi, Kongo, anayeitwa Waziri. Kisha mitihani ikamfungia Frida ndani siku kumi. Leo katoka, na kalikuta Bunge limekaa kimatanga.

– Mutoto, kaa kwanza, alisema Waziri. Bière yako ilikufa.

– Imekufaje, Tonton?

– Siku ya tatu. Ilikuwa inatoa mapovu bien, blup, blup. Alors, ikanyamaza. Njo vile.

– Kunyamaza si kufa. Huenda kifuniko hakikukazwa, hewa inapitia pembeni.

– Kifuniko? Waziri aliguna. Kifuniko kiko bien. Mambo ya kifuniko uache.

Guylain, anayeitwa Daktari kwa sababu anaendesha gari la kupeleka dawa, alijisafisha koo.

– Shida ni rangi. Bière nyekundu bila mawese? Bantu ba Irlande banatiaka mawese, banaficha tu.

– Daktari, huko mawese wanachuma wapi? Kwenye theluji?

– Donc uliiombea? Daktari aliendelea. Bière ya hapa inapikwa na bapadri. Weye ulipika na simu mukononi. Roho itaingilia wapi?

– Ilikuwa inapima dakika!

Rodgers, Mkenya wa Kakamega anayesomea sheria na kuitwa Wakili, alinyoosha miguu.

– Actually, chachu imegoma. Hii ni Brussels, bana. Treni zinagoma, walimu wanagoma, chachu ni nani isigome? Halafu mnaichelewesha. Kwetu busaa inanywewa ikiwa bado inachemka, mtungi mmoja, mirija mirefu, watu wote.

– Hii si busaa, Wakili. Hii inakaa wiki mbili ndipo iingie kwenye chupa. Tonton, naomba ufunguo wa stoo nikaione ndoo yangu.

– Ufunguo? Bon... Waziri alipapasa kifua, mahali ambapo shati lake halina mfuko. Maman, bibi yangu, alienda nayo kule Evere. Lakini usihangaike, tutakumwagia sisi. Mimina kahawa, mutoto.

Siku zote Frida alishinda midahalo ya chuo, leo ashindwe na mawese? Mkono ulikuwa umeshafika kwenye thamosi ya kahawa pale Shamimu alipotoka dukani na kapu la nguo, maneno yote ameyasikia mlangoni. Alikuwa mgeni, wiki ya pili tangu atoke Tanga, na hajawahi kuonja pombe maishani.

– Samahanini, bia siijui mimi. Hiyo ndoo imebaki na lita ngapi?

Daktari akachunguza viatu vyake. Wakili akavuta koti lifunike mfuko, lakini mrija ulikuwa mrefu kuliko koti.

– Wakili, alisema Frida polepole. Huo ni nini?

– Ni... mila.

– Mwenye nyumba anaonjaka wa kwanza, Waziri alijitetea. Njo heshima!

– Na mimi kama docteur nilipima tu.

– Mmepima mara ngapi?

– Inabaki quatre, alinong'ona Daktari akionyesha vidole vinne. Litres.

Wakili akainua kidole, macho yakamng'aa.

– Objection. Dau lilisema ikitoka nzuri. Haikutoka. Haikufika hata kwenye chupa.

– Sawa, Wakili, alisema Frida. Basi ilikuwa mbaya?

– Mbaya kabisa!

– Mubaya sana, alisema Waziri.

– Lita kumi na sita, ndani ya siku kumi. Kama ilikuwa mbaya, kwa nini mlirudi?

Frida akaiweka thamosi kwenye mapaja ya Waziri, akamsogezea Shamimu nafasi, akashika vikombe viwili.

– Mgeni kwanza, Tonton.