Nyati Wametolewa, Gari Liko Njiani

Kijiwe cha Cheektowaga, kando ya jiji la Buffalo huko Marekani, hakina mti wala kivuli. Kina joto la mashine. Ni benchi la mbao chini ya dirisha la londri, na kila Jumapili baada ya ibada, nguo zikizunguka, wanaume watatu hukaa hapo kumaliza kesi za dunia. Wa kwanza ni Mzee Bon, jina lake hasa Ruhimbika, mtu wa milima ya Kivu Kusini ambaye sentensi haimtoki bila "bon". Wa pili ni Satelaiti, yaani Mucyo, kijana wa ghalani. Kila habari ameinasa yeye kwanza. Wa tatu ni Sylveri, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Wanamwita Beleshi tangu alipokwenda kuzoa theluji kwenye uwanja wa Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, hao Nyati wa Buffalo. Kahawa ni ya Agata, mke wa Sylveri, ambaye humimina na kunyamaza. Sheria ya kijiwe ni moja: chupa ikikauka, kila mtu achukue nguo zake.

Jumapili hiyo Agata alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Kabla msimu haujaanza, mumewe alimwahidi kaka yake Gaudiosi, aliyeko Louisville: mpira ukiisha, tunahamia kwenu Newburg. Agata hakutaka, lakini si mwepesi wa kusema. Aliomba tu. Kila Bills waliposhinda, alijua amepata wiki nyingine ya kubaki. Aliombea hata mguu wa mpigaji wao, mtu asiyemjua kwa sura. Jana Bills wakaenda ugenini kwenye mtoano, wakatolewa. Na asubuhi hii Gaudiosi alipiga simu: yuko njiani, anakuja na gari kubwa la kubebea vyombo.

— Tumeibiwa! alisema Sylveri, jezi ikiwa bado mwilini juu ya shati la kanisani. Refa yule ana macho mawili, lakini aliyaacha kwao.

— Bon, alisema Mzee Bon, refa ni refa tu. Shida iko kwa ukuta. Ukuta yetu iliacha watu banapita kama mlango ya soko. Wahenga walisema: usipoziba ufa, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mzee, hizo ni methali mbili.

— Donc, sasa iko nini? Msiba ni mkubwa. Moja haitoshi.

Satelaiti alitikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.

— Nyinyi mnahangaika na ukuta. Tatizo ni hali ya hewa. Nyati wetu wamezoea baridi. Ukiwapeleka mahali hakuna theluji hata ya kujaza kikombe, damu inakuwa nzito.

— Nani amekuambia?

— Kuna video.

— Ya daktari?

— Ya jamaa mmoja, yuko ndani ya gari lake. Lakini anaongea kwa uchungu sana.

— Hapana, alisema Sylveri. Sababu ni viti. Hapa nyumbani tulishinda kwa kuwa theluji tuliizoa kwa mikono yetu. Kule viti vilikuwa vikavu tangu asubuhi. Uwanja usiotolewa jasho hautoi ushindi.

— Hapo umesema! Mzee Bon alipiga goti lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ule kijana wa katikati, haujamuona? Anainama, anapitisha mpira kati ya miguu. Yeye peke yake njo anajua methali.

— Na mpira wenyewe ni yai, aliongeza Satelaiti. Yai la kuku wako, ukilipeleka kwa kuku wa jirani, ataliangua? Ataliangalia tu.

— Bon, mi naongeza. Bale bantu ba kule balifunga na kuomba. Mji muzima!

— Na sisi hatukufunga? aliuliza Satelaiti.

— Mi nilifunga. Nilikuwa shifti ya usiku, nilisahau chakula nyumbani.

Agata alicheka akiwa ameinamia chupa. Aliwamiminia tena, kidogo kidogo, ili kahawa isiwahi kuisha. Mawazo yake yalikuwa kule uwanjani.

Kambini, alikokulia yeye pia, kipaza sauti kilikuwa kikiwaita watu waje kupokea: mahindi, sabuni, mablanketi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuitwa apokee. Siku ile ya theluji, wenye timu walitangaza kwamba viti vimefunikwa, mwenye nguvu aje awasaidie. Agata alisikia tangazo lile akasimama katikati ya jikoni. Mji huu mkubwa, pamoja na timu yake, ulikuwa unamwomba yeye msaada! Alimwacha Irakoze, binti yake, kwa Mukabutera, mke wa Mzee Bon, akaenda na mumewe. Alivaa soksi juu ya glavu. Walizoa safu baada ya safu mpaka jasho likaganda kwenye nyusi. Pembeni yake bibi mmoja mzungu, mwenye mgongo wa kupinda, aligonga beleshi lake kwenye beleshi la Agata, kama watu wanaotakiana afya, wakaendelea na kazi. Mechi ilipoonyeshwa, watu wakirukaruka kwenye zile safu, Agata aligusa kioo cha televisheni. "Pale," alimwambia mtoto. "Pale ni petu."

— Beleshi, hebu tuambie, alisema Satelaiti. Huko Louisville kuna timu gani ya wakubwa?

— Hakuna. Kuna farasi wa mbio.

— Farasi! Utamvalisha jezi?

— Afadhali mji wa Columbus basi, alisema Sylveri.

— Columbus nimekaa mimi, alisema Satelaiti. Kule wanashangilia wanafunzi wa chuo.

— Bon, mtu muzima unalilia mtoto ambaye kesho iko na mtihani! Mzee Bon alisikitika kweli. Sylveri, mdogo wangu, usituache.

Sylveri alitazama mashine iliyokuwa inazungusha nguo zake.

— Niliahidi, Mzee. Kaka ndiye aliyenilea kambini. Siwezi kumgeuka.

Hapo mlango ukafunguka, upepo ukaingia na Gaudiosi nyuma yake, kofia imejaa theluji. Salamu zilikuwa ndefu. Walimsogezea nafasi katikati ya benchi, wakamweleza msiba wa jana: refa, ukuta, damu nzito, yai. Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Timu hii yenu, kombe la fainali ile kubwa ilichukua mwaka gani?

Mashine moja ilimaliza mzunguko wake ikasimama. Satelaiti alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mzee Bon alisema "Bon…", na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakikufuata kitu. Sylveri aliinama akaanza kuvuta zipu ya jaketi, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

— Bado, shemeji.

Waligeuka wote. Agata alikuwa amesimama, chupa mkononi, uso wa moto.

— Hawajachukua hata siku moja. Tunasubiri. Viti tumevisafisha sisi, shemeji. Mtu hafagii uwanja wa harusi akaondoka kabla bibi harusi hajafika.

Gaudiosi alivua kofia.

— Tangu uolewe, sijawahi kusikia sauti yako.

— Nisamehe.

— Nimeshapaka rangi chumba chenu.

— Tutakuja kulala humo, wakati wa farasi. Kisha tutarudi.

Sylveri aliacha zipu njiani. Alimtazama mkewe, akatazama gari kubwa dirishani, tupu, likipambwa na theluji. Agata alimimina kahawa iliyobaki, ikajaa kikombe kimoja kamili, akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Chupa ikakauka. Kila mtu akaenda kuchukua nguo zake.

— Sasa gari nililoleta? aliuliza Gaudiosi.

— Litatupeleka nyumbani ukale, alisema Sylveri, akimkabidhi kapu la nguo. Na mwakani, kaka, njoo mapema. Uje na glavu.