Vuta Dawa Kwanza, Mayi Gladwell

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Gladwell Nanyama atafunga lango la ghala letu la Kitale kwa mara ya mwisho, baada ya kuutumikia ushirika huu wa mahindi kwa miaka thelathini na minne. Ofisini ndivyo anavyoandikwa, Bi. Gladwell Nanyama. Huku uani jina hilo halina mwenyewe. Sisi tunamwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu. Meneja anamwita Mayi, madereva wanamwita Mayi, na hata mimi Arafa wa mizani, ambaye Kibukusu changu chote kinaanzia na kuishia hapo, namwita Mayi.

Alizaliwa Kabuchai na kuajiriwa mwaka 1991 katika ghala letu la Bungoma, kazi yake ikiwa kushona midomo ya magunia. Angekuwa anaishona mpaka leo kama si ugomvi wa foleni. Msimu mmoja wa mavuno wakulima wa Bumula na wa Kabuchai walizozana langoni kuhusu nani alitangulia kufika, na karani aliyekuwa akiita majina alikuwa na sauti ya mtu anayeomba radhi. Gladwell alipanda juu ya magunia, sindano bado mkononi, akaita jina la kwanza. Waliokuwepo wanaapa kwamba hata mbuzi waliacha kutafuna. Foleni ikanyooka, na wakubwa wakampa kazi ya langoni siku ileile.

Miaka michache baadaye alihamishiwa Kitale, na hapo ndipo mimi nilipomjua. Wageni wengi hushangaa jinsi anavyoita. Mayi hakuiti kwa jina lako tu. Anakuita kwa jina lako, la baba yako na la kwenu, kisha anakuongezea neno moja la utani ili foleni icheke na wewe usimame wima. Wabwile wa Bumula, wajina wa baba yangu, mwenye mahindi makavu na maneno mabichi. Lenah, mke wa fundi, aliyeolewa kwa nyimbo akalipa kwa chapati. Alikuwa akituambia kwamba mkulima amekaa shambani miezi mingi peke yake na jembe, kwa hiyo siku ya kuleta mahindi ni lazima asikie kwamba anajulikana. Wakulima walilichukulia jambo hilo kwa uzito zaidi kuliko bei, na bei wanaichukulia kwa uzito sana.

Kila mtu anayefanya kazi hapa analijua vumbi la mahindi. Chekecheke zikianza kutikiswa, makapi yanapanda mpaka jua linaonekana kama limefunikwa na shuka. Mayi alisimama ndani ya vumbi hilo misimu mingi, mdomo wazi, akiita. Alipoanza kukohoa alisema ni baridi ya Kitale. Kikohozi kilipokaa mwaka mzima alisema ni baridi ya mwaka jana haijaisha. Ukimbishia Mayi unajisumbua bure, kwa hiyo tulimwachia baridi yake.

Kisha majina yakaanza kupungua. Mwanzoni hatukutambua. Utani ndio uliotangulia kwenda, tukadhani amechoka. Halafu mahali pa mtu pakaachwa. Halafu baba za watu wakaachwa, na msimu wa mwaka 2019 Mayi alikuwa anaita jina moja tu, kavu, kisha anashika nguzo ya lango na kutazama chini mpaka kifua kitulie. Wengi walivumilia. Mzee Mukhwana wa Kabuchai hakuvumilia. Alipoitwa Mukhwana, bila marehemu baba yake, alijua kabisa kwamba ametukanwa mbele za watu. Alijiuliza amemkosea nini binti wa kwao, akageuza gari alilokodi na mahindi yake yote na kwenda kuuza kwingine.

Mayi aliona gari lile likiondoka. Alijaribu kumwita arudi na sauti haikutoka. Alianguka palepale langoni, na Hashim, dereva wetu wa lori, alimkimbiza hospitali huku mimi nimemshika mkono na kusoma kila dua ninayoijua. Ilikuwa pumu. Akapewa pampu mbili za kuvuta dawa, ya bluu ya kutumia anapobanwa na ya kahawia ya kuvuta kila siku, asubuhi na jioni, awe mgonjwa awe mzima.

Na ile ya bluu walipatana mara moja. Ukiivuta, kifua kinafunguka, unaona kazi yake. Aliivuta akiwa amejificha chooni, maana huku kwetu kuna wanaoamini kwamba mtu akionekana na pampu ndiyo mwisho wake umefika. Kila siku alienda chooni mara nyingi zaidi kuliko jana, na sisi tukadhani ni tumbo. Ile ya kahawia hakuna aliyejua imekwenda wapi.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata alianguka tena. Safari hii meneja alimwita ofisini, na kwa upole, nampa haki yake, akamwambia kwamba hawezi kumtazama mtu akifia langoni. Kama kufikia mavuno pumzi haingekuwa imerudi, Mayi angehamia ofisi ya Bungoma, akae kwenye kiti na kupokea simu, na langoni kiwekwe kipaza sauti. Mayi alijibu sawa. Hatukuwahi kusikia neno fupi hivyo kutoka kwake. Mimi nililia, na sioni haya kusema, kwa sababu kila mtu uani alielewa kwamba Mayi bila lango atakuwa mzima wa mwili na mgonjwa wa kila kitu kingine.

Jumapili ile tulienda kumjulia hali nyumbani kwake, mimi na Phelista wa Kipsongo, kiongozi wa akina mama wanaochekecha mahindi. Tulibeba sukari, mkate na maziwa. Tulimkuta na mgeni mwingine, Edah, binti wa kaka yake, muuguzi aliyekuja kutoka Bungoma kumtazama shangazi. Mayi, ambaye angekuwa kaburini angeinuka kuwapikia wageni chai, alikataa kabisa tuondoke bila kunywa. Akafungua kabati la vioo kutoa vikombe vya wageni, vile vyenye maua. Na pale katikati ya vikombe, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, ilikuwa imekaa pampu ya kahawia, ndani ya boksi lake, haijafunguliwa.

Edah alimuuliza inafanya nini humo. Mayi alieleza bila wasiwasi wowote. Dawa nzuri kama hiyo haichezewi. Alikuwa ameiweka ya siku mbaya.

Edah hakucheka wala hakugomba. Alikaa karibu naye, akamwita kwa Kibukusu kama mtoto anavyomwita shangazi yake. "Senge, si wewe huambia wakulima watie mahindi dawa kabla fukusi hajaingia?" akasema. "Sasa mbona hiki kifua unangoja kiliwe kwanza?"

Ni maneno ya Mayi mwenyewe. Amewapigia wakulima kelele hizo kila msimu, na zaidi ya mmoja ameondoka hapa na gunia lililojaa unga wa fukusi na masikio yaliyojaa Mayi. Mayi akaweka vikombe mezani. Kisha alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipopata nafasi akanyoosha mkono apewe lile boksi.

Edah alimwonyesha: tikisa, toa pumzi yote nje, bana midomo, bonyeza huku ukivuta polepole, shikilia, kisha sukutua mdomo na uteme maji. Ikagundulika pia kwamba hata ile ya bluu Mayi alikuwa anaipulizia ulimi zaidi ya kifua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Mayi alikuwa anajenga ukuta kila siku kwa pampu ya bluu. Edah alisisitiza kwamba ya bluu isikae mbali kwa ajili ya dharura, lakini hii nyingine ndiyo inayotuliza kifua ndani kwa ndani, na haiachwi kwa sababu mtu ameamka akijisikia vizuri.

Msidhani iliishia hapo. Wiki ya kwanza Mayi alitangaza kwamba ameuziwa hewa. Wiki ya pili alisema labda ni hewa nzuri. Alisahau, akakumbuka, akasahau tena, mpaka siku moja akaamua kwamba kitu cha kufichwa chooni hakiwezi kukumbukwa. Asubuhi iliyofuata, lango likiwa limefunguliwa na watu wamejipanga, alienda kwenye mfereji wa maji ulio katikati ya uwanja, akavuta dawa yake mbele ya kila mtu, akasukutua, akatema kwenye sukuma wiki za mlinzi, akarudi langoni kuita. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ghala. Akijisahau, akina mama wa Kipsongo wanaacha chekecheke na Phelista anapaza sauti: "Mayi, bado hujavuta." Na foleni inangoja.

Yaliyofuata hatukuyatarajia. Hashim dereva, mwanamume wa miraba minne, alikuja mferejini asubuhi moja na pampu yake mwenyewe, ambayo kumbe ilikuwa imelala miaka ndani ya soksi kwenye droo ya lori. Phelista, aliyekuwa akikohoa nyuma ya leso, alikwenda kliniki na kurudi na dawa. Mayi hakuwacheka. Aliwakagua wanavyovuta, akawasahihisha kwa ukali, kisha akapeleka ukali huohuo kwa meneja mpaka tukapata barakoa za kutosha na amri kwamba hakuna kufagia ghala kabla ya kunyunyiza maji. Hiyo barakoa unayoivaa leo, ndugu msomaji, ina jasho la Mayi.

Mavuno yalifika. Meneja alikuwa amekwisha kununua kipaza sauti. Kilikuwa mezani kwake. Siku ya kwanza Mayi aliita majina na baba zao. Siku ya tatu akarudisha vijiji. Hashim, aliyekuwa akipeleka mbolea Kabuchai, alikuwa amemweleza Mzee Mukhwana kwamba hakutukanwa na mtu, ni pumzi iliyokuwa imekatika. Mzee alisema ataamini akisikia. Basi akaja, akapanga foleni, uso umekunjwa.

"Mukhwana wa Wepukhulu wa Kabuchai, mwenye ng'ombe wasiolala bila redio, leta mahindi!"

Yote kwa pumzi moja. Mzee alivua kofia. "Sasa nimeitwa," akasema, na akaleta mahindi. Nilipima gunia lile mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuona namba kwa machozi.

Pumu haijaondoka. Asubuhi za ukungu wa mwezi wa saba bado zinambana, na pampu ya bluu haitoki mfukoni. Lakini kipaza sauti hakijawahi kutolewa kwenye boksi, na Mayi anastaafu kutoka langoni kwa miguu yake, kwa umri wake, kama alivyotaka.

Kamati ya zawadi ilipokutana, wengine walitaja mbuzi, wengine blanketi, na mimi nilitaja tangi la maji. Phelista ndiye aliyetunyamazisha wote. Aliuliza, Mayi akishafika Kabuchai, ambako hakuna foleni wala mfereji wenye watu, ni nani atakayemwambia bado hujavuta? Tunamjua. Atajisikia vizuri wiki mbili, na pampu itarudi kukaa na vikombe vya wageni.

Kwa hiyo, Mayi, tangi utapata, na mbuzi pia. Lakini zawadi yetu hasa ni hii. Lango tunamkabidhi Phelista, kama ulivyopendekeza. Kila asubuhi, kabla hajaita mtu yeyote, atakupigia simu. Wewe utavuta dawa yako, utasukutua, utatema kwenye maua yako mwenyewe. Kisha simu itawekwa kwenye kile kipaza sauti, ambacho hatimaye kimepata kazi, na jina la kwanza la siku utaliita wewe, ukiwa kwako Kabuchai. Mkulima wa kwanza atangoja. Wote watangoja.

Asante kwa miaka yote uliyotufanya tujulikane. Tunakuombea uzee wa kicheko, wajukuu wanaoitika, na pumzi ya kutosha kumtaja kila umpendaye pamoja na baba yake.

Gladwell Nanyama, binti Wabwile wa Kabuchai, mwenye sauti iliyonyamazisha mbuzi wa Bungoma, foleni inakungoja. Vuta kwanza.