Damaris Jebet na Maji ya Kikoshi

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Kiamunyi na wa hapa Rongai, ndugu na marafiki, Bwana Kipketer ameiomba familia imsomee historia ya mke wake kwa sababu jana alijaribu mwenyewe mara mbili na hakuupita mstari wa kwanza, basi tuvumiliane, na aliyesimama juani asogee huku chini ya hema, nafasi bado ipo.

Damaris Jebet alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 hapa Rongai, mtoto wa nne wa Mzee Kemboi na Mama Chepchirchir, ambao wote wawili wametangulia, na waliokua naye wanasema alikuwa mtoto wa kuchafuka, ukimtafuta jikoni humpati, ukishuka mtoni unamkuta amepiga magoti kwenye matope akiwatazama viluwiluwi, hata mama yake akawa anasema huyu ataposwa na chura. Mzee Kemboi alikuwa mkulima wa mahindi na mtu wa maneno machache, lakini kuna neno lake moja lililomkaa binti huyu kuliko yote, kwamba shamba halinunuliwi Januari, kwa maana Januari kila shamba ni zuri, wewe nenda ukalitazame wakati wa mvua ndipo utajua maji hulala wapi.

Alianza shule ya msingi hapa hapa Rongai mwaka 1968, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1974, akaendelea na shule ya upili ya wasichana mjini Nakuru hadi kidato cha sita mwaka 1980, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi akasomea sayansi na kuhitimu mwaka 1984, msichana wa kwanza katika kijiji chake kuvaa joho, na ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo wako hapa watu wanaomkumbuka kuliko wanavyokumbuka hotuba.

Mwezi Novemba mwaka huo huo aliajiriwa katika maabara ya maji mjini Nakuru, akafanya kazi hapo hadi mwaka 2003, akipima maji ya visima, ya mito na ya ziwa, na aliipenda kazi hiyo mpaka ikamfuata nyumbani, hivi kwamba shemeji yake mmoja, ambaye ndiye anayewasomea sasa, aliwahi kufungua friji yake siku ya jua kali akanywa chupa nzima ya maji ya ziwa, magadi matupu, na badala ya kupewa pole akagombezwa kwa kuharibu sampuli.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Kipketer, mkulima, katika kanisa letu hapa Rongai, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jerop aliyezaliwa mwaka 1988, Kipkirui mwaka 1991, na Micah mwaka 1996, wakajenga nyumba yao Kiamunyi mwaka 1998 ili mama awe karibu na kazi, baba akawa anakuja shambani asubuhi na kurudi jioni, na katika miaka ishirini na moja hatukuwahi kuitwa kusuluhisha neno katika nyumba hiyo, isipokuwa mara moja, na hiyo tutaifikia.

Mwaka 2004 yeye na Bwana Gurpreet Singh, ambaye ni mpima ardhi, walifungua ofisi yao wenyewe mjini Nakuru, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Mohinder, babake Gurpreet, wakawa wataalamu wa kukadiria athari za miradi kwa mazingira. Kazi hiyo, kwa wasioijua, ni kwamba mtu akitaka kujenga kiwanda, mtaalamu hutangulia kwenye ile ardhi, akapima maji na udongo, akatazama miti na viumbe, akauliza wanaoishi hapo, kisha akaandika ripoti yenye sahihi yake inayosema kitakachoharibika na kitakachosalimika, na wakubwa wa serikali huamua kwa kutegemea neno lake.

Mwezi Agosti mwaka 2007 waliitwa na kampuni iliyotaka kujenga kiwanda cha chumvi na kemikali huko pwani, mahali panapoitwa Kikoshi, penye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia katikati ya mikoko. Nyuma ya mikoko hiyo kuna uwanda wa mchanga mkavu, mweupe, safi kama uwanja wa mpira, na hapo kampuni ilipanga kuchimba bwawa la kuhifadhi maji taka yenye sumu. Damaris na Gurpreet walifika tarehe 20 Agosti, wakapigilia vigingi ukingoni mwa maji kama walivyozoea kufanya ziwani, na kwa siku tatu walizokaa maji yalipanda kidogo yakashuka kidogo, wakayaona ni maji yenye adabu. Hawakujua kwamba zilikuwa siku za mwezi nusu, ambazo watu wa pwani huziita maji mafu, bahari ikiwa imepumzika. Sisi watu wa bonde maji yetu hukaa pale yalipowekwa, ziwa likitaka kusogea husogea kwa miaka, na ingawa Damaris aliwauliza wenyeji habari za samaki, za mikoko na za ajira, hakuwauliza maji hufika wapi, kwa kuwa alikuwa ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Tarehe 10 Septemba alitia sahihi ripoti inayosema kwamba bahari haifiki kwenye ule uwanda.

Jioni ya tarehe 23 Septemba, mezani, Bwana Kipketer alikuwa akimsimulia kuhusu ekari mbili zilizokuwa zikiuzwa, naye akamtania kwa lile neno la Mzee Kemboi, halafu akakirudisha kijiko kwenye sahani, na Kipketer alipomuuliza kuna nini akasema, "Baba Jerop, mimi nimenunua shamba Januari."

Kesho yake alimchukua Gurpreet wakarudi Kikoshi, na tarehe 27 Septemba, siku iliyofuata mwezi mpevu, aliona kitu ambacho alikisimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Saa sita mchana bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa, mstari tu. Alasiri ikaanza kurudi, na haikurudi kwa mawimbi wala kwa kelele, iliinuka tu katikati ya mikoko, ikajaza matundu ya kaa moja moja, ikafika kwenye vigingi vyake, ikavifunika, ikaipita mikoko yote na kutandaa juu ya ule uwanda mweupe mwisho hadi mwisho, na samaki wadogo wakaingia nayo wakiogelea pale ambapo asubuhi alikuwa amepitisha gari. Gurpreet anasema alimwita, "Madam, twende, gari itazama," naye akajibu, "Wacha kwanza, Gurpreet, wacha nione," na akabaki amesimama, maji mapajani, mikono kichwani, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyepima maji maisha yake yote, akicheka na kulia kwa pamoja. Alimwambia mumewe kwa simu kwamba hakujua duniani kuna kitu kikubwa hivyo kinachotembea kimya hivyo, na kwamba sahihi yake imesema hakitembei.

Maana yake aliijua vizuri, kwamba bwawa likichimbwa pale, bahari ingekuja kuichukua ile sumu na kuirudisha horini kwenye kamba, kaa na samaki ambao Kikoshi nzima hula na kuuza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi mwezi Oktoba aliiandikia kampuni kwamba anaiondoa ripoti yake, wakamjibu kwamba maji ya jioni moja si sayansi, na kwamba kama anataka kuwanyima watu wa Kikoshi kazi, aje awaambie kwa mdomo wake katika mkutano wa hadhara mwezi Januari, na asipofika, ripoti itabaki ilivyo.

Tarehe 19 Novemba 2007, baada ya maumivu ya ubavu aliyoyaficha kwa muda, madaktari walimpata na saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Uchaguzi ukaja, na siku zilizoufuata hatutazisimulia hapa kwa kuwa kila aliyeketi hapa anazijua, ila tuseme tu kwamba wiki moja familia ya Bwana Ndung'u na mkewe Wangu, majirani wa Kiamunyi, ililala nyumbani kwa Kipketer, na wiki iliyofuata ni Ndung'u aliyemwendesha Damaris hospitalini, kila mmoja akimvusha mwenzake kwenye vizuizi vya barabarani vilivyopitisha jina lake na kukataa la mwenzake. Mkutano wa Kikoshi uliahirishwa hadi Machi, na daktari akamkataza Damaris kusafiri, naye akasema atakwenda.

Hapo ndipo tulipoitwa kusuluhisha. Bwana Kipketer, na ametuagiza tuseme haya waziwazi, alikataa katakata, akasema siku zilizobaki ni zake na watoto, akauliza mbele yetu kama mtu hawezi kutumwa, kama Gurpreet hawezi kusema, na Damaris akiwa amelala kwenye kochi akamjibu, "Jina ni langu, Baba Jerop. Mimi nikifa, hiyo karatasi itabaki ikiongea." Wazee tulitazamana. Tulikuwa tumekuja kumsaidia mume, tukajikuta tunauliza godoro litawekwaje kwenye gari.

Waliondoka tarehe 6 Machi, Gurpreet kwenye usukani, Kipketer nyuma akishika kichwa cha mkewe. Damaris alikuwa ameomba mambo mawili tu, kwamba mkutano uwe Jumamosi tarehe 8 saa tisa alasiri, na kwamba viti vipangwe pale pale litakapochimbwa bwawa. Waheshimiwa kutoka Nairobi waliketi mbele na viatu vyao vya ngozi, vijana waliotaka kazi wakasimama upande mmoja na nyuso za hasira, na Kipketer, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alishangaa kwamba wenyeji, wazee kwa kina mama, walikuwa wanakunja suruali na kupandisha leso taratibu. Damaris alipewa kipaza sauti akiwa amekaa. Alisema, "Mimi ndiye niliyeandika kwamba bahari haifiki hapa. Nilikosea. Msinisikilize mimi, ngojeni kidogo." Akawaeleza vijana kwamba kiwanda chenyewe kinaweza kujengwa kwenye mwinuko ng'ambo ya barabara, na bwawa vilevile, na kazi zao ziwe pale pale, kisha akakirudisha kipaza sauti.

Bahari ikaja. Ikaingia chini ya viti vya mbele, ikalowesha viatu, waheshimiwa wakainua miguu, halafu wakainuka wenyewe, na Bwana Kipketer anasema hakuna aliyecheka wala kupiga makofi, watu zaidi ya mia tatu walisimama wakitazama maji yakiwapanda magotini kama wanaoyaona kwa mara ya kwanza, hata wale waliozaliwa hapo. Mama mmoja mzee wa Kikoshi ndiye aliyesogea, akamshika Damaris begani na kumwambia, "Kumbe ulikuwa hujui, mwanangu? Si ungetuuliza!" naye Damaris akacheka mpaka akashika ubavu. Miguu haikuweza kumtoa, basi Kipketer, asiyejua kuogelea hata kidimbwini, alimbeba mgongoni katika yale maji, akaona jinsi alivyokuwa mwepesi, na anasema woga aliotegemea kuusikia haukuja, alisikia kitu kingine ambacho mpaka leo hana jina lake.

Walirudi nyumbani tarehe 10 Machi, na kuanzia Pasaka Damaris hakuinuka tena kitandani. Wakubwa walikuwa bado hawajaamua. Kila asubuhi alimuuliza mumewe, "Wamesema nini?" naye akamjibu, "Bado." Wengi wetu tulimvuta Kipketer kando tukamsihi amwambie tu kwamba bwawa limehamishwa, amtulize mgonjwa, uongo mdogo wa huruma Mungu hauhesabu, naye akatuuliza kama hatukuona mwanamke huyu ameimaliza nguvu yake ya mwisho kwa ajili ya nini. Jumanne tarehe 29 Aprili 2008, saa nne asubuhi, nyumbani Kiamunyi, watoto wote wakiwepo, aliuliza tena, akajibiwa bado, akaitikia kwa kichwa, na kabla ya saa sita alikuwa ametuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu tangu Novemba, na yule daktari aliyemkataza safari kisha akamfungia dawa za njiani. Tunawashukuru Ndung'u na Wangu, mmekuwa ndugu, hatuna neno jingine. Tunawashukuru wajumbe wanne waliotoka Kikoshi kuja kumzika, poleni kwa baridi yetu. Tunamshukuru Bwana Gurpreet na Mzee Mohinder, na hasa kwa kuwa Jumatatu hii iliyopita, tarehe 5 Mei, ni Gurpreet aliyefika nyumbani mbio kutuambia kwamba uamuzi umetoka, bwawa litachimbwa kwenye mwinuko, na mikoko ya Kikoshi haitaguswa.

Na mwisho, tunawashukuru wahudumu wa chumba cha maiti, ambao jioni hiyo ya Jumatatu, muda wa kutazama ukiwa umekwisha, walimkuta mzee mmoja mlangoni na koti lake la shambani, akiwaomba wamfungulie dakika moja tu, hakuja kulia, ana jibu la kumpelekea mke wake, nao hawakumuuliza jibu gani, walimfungulia, wakatoka nje, wakamwacha amwambie.

Damaris Jebet, umeshaambiwa. Pumzika sasa, mama yetu, pumzika kwa amani.