Rosebella Mutanu: Maneno Yaliyovaliwa Ng'ambo

Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, nyumbani kwa Mzee Nzioka huko Wote, Ukambani, walikuwamo watu saba hadi adhuhuri. Alasiri walikuwa wanane. Huyo wa nane alipewa jina la Mutanu, na alipobatizwa akaitwa Rosebella.

Alikulia katika shamba la pamba. Siku moja, magunia yalipokuwa yakipakiwa, alimwuliza baba yake pamba ile ingevaliwa na nani. Mzee akajibu, "Na mwenye mwili." Jibu hilo halikumtosha maisha yake yote. Alisoma shule ya misheni ya kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Somo lake alilolipenda lilikuwa jiografia, na mwalimu alilalamika kuwa maswali yake yalimaliza kipindi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Bwana Seth Kilonzo, mtumishi wa reli, wakahamia Ganjoni, Mombasa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Becky na wadogo zake wawili. Mwaka 1984 aliajiriwa katika duka la leso, yaani kanga zenye maneno pindoni, la Bwana Hussam, Biashara Street. Humo alijifunza kwamba leso huchaguliwa kwa macho lakini hununuliwa kwa maneno yake. Akaanza kuyatunga kimoyomoyo, kwani Mkamba kuwatungia maneno watu wa Mji wa Kale ni kumfundisha samaki kuogelea.

Mwaka 2009 Bwana Hussam alimpa nafasi moja. Marehemu alitunga leso ya maharusi: "Nimeridhi kwako, sitoki." Akamtajia Riyadh, karani wa duka, aliyekuwa akiandika agizo la kupelekwa kiwandani Gujarati, India. Marobota yalipofika na kufunguliwa, kila leso ilisema: "Nimerithi kwako, sitoki."

Bwana Hussam alimwuliza alichotamka. Marehemu akasema alitamka "nimeridhi", na ndivyo alivyokusudia. Riyadh akainamisha kichwa. "Nilidhani ni zile dh zenu za Ukambani mahali pa th, mama, nikakusahihishia."

Mtaa mzima ulicheka. Leso ile ikaitwa Mirathi. Nani angempelekea bibi harusi leso ya urithi, naye mama mkwe yu hai na amekaa mbele? Bwana Hussam, mtu mpole, alisema jambo moja tu: zisipouzika kabla ya Idi, maneno wataachiwa wenyewe. Marehemu alifahamu vyema kwamba yeye hakuwa miongoni mwa hao wenyewe.

Zikiwa zimesalia wiki mbili, aliingia Bi Shifa, mfanyabiashara wa kisiwa cha Ngazidja aliyekuja kununua bidhaa za kupeleka kwao, mjini Moroni. Alisoma leso ile, akaisoma tena, akauliza mtungaji ni nani. Marehemu akaanza kuomba radhi.

"Usiniombe radhi, dada," Bi Shifa akamwambia. "Kwetu nyumba ni ya binti, huipata kwa mamake, na mume ndiye ahamiaye. Haya ni maneno ya kwetu, ila hatujapata kuyavaa."

Alichukua marobota yote. Marehemu badala ya kushangilia alimkalisha kitako akamwuliza ndugu wa kiume hulala wapi, na mume akikosana na mkewe hutoka na nini, hata kahawa ya mgeni ikapoa mara mbili.

Tangu hapo maneno yake yalichapwa kila mwaka. Alifuatilia safari ya kila leso: pamba ya nchi moja, rangi ya nyingine, mikono ya Gujarati, kuli wa bandari yetu, na bega la mwanamke asiyemjua, kila mmoja akipata riziki yake njiani. Kwa riziki hiyo watoto wake walisoma. Kaka yake, Dishon, fundi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa mitumba ilipojaa sokoni, alimwambia kuwa dunia iliyomlisha yeye ndiyo iliyomnyima kakake. Marehemu alikiri kuwa ni kweli, kisha akamwuliza, "Na hilo shati, kaka, umelitoa wapi?" Lilikuwa la mtumba.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo. Alisoma kasha la dawa, akaona limetoka India. "Ni wale wale wa leso," akamwambia daktari. "Safari hii wasikosee herufi." Dawa hizo zilimwongezea miaka miwili. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, naye aliomba azikwe hapa Mombasa.

Jumanne iliyofuata Bwana Hussam na Riyadh walikuja Ganjoni kuhani. Baada ya rambirambi, Bwana Hussam aliuliza kwa adabu kama yupo wa kukikalia kiti cha marehemu. Becky hakumjibu yeye. Aliitazama picha ya mama yake ukutani, akasema, "Nimerithi kwako, sitoki."

Riyadh, ambaye sasa ana mvi, aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni th, au ni dh?"

"Zote mbili, mjomba."

Mwenyezi Mungu ampumzishe mja wake kwa amani. Wamebaki mume mmoja, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja. Jumla ni watu kumi.