Sungura Aliyefuliwa

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi Yvette, mwaka 1984, tulipotoka kumzika babu Goulven. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka kahawa kwenye benchi lililotazamana na lango la chekechea ya mtaani kwetu, mjini Concarneau, pwani ya Ufaransa, ambako babu na rafiki zake wawili walikaa kila asubuhi.

Septemba moja binamu yangu Solenn, mwenye miaka mitatu, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Watoto wa darasa lake hulala mchana, kila mmoja na mwanasesere wa kitambaa aliyetoka naye nyumbani. Babu aliona aibu mjukuu kwenda na sungura mchafu wa kitambaa, akamfua kwa sabuni. Tangu hapo Solenn hakumtaka, hakulala, na kilio chake kiliamsha chumba kizima. Mwalimu akasema hali ikiwa hivyo hadi Ijumaa, mtoto atakuwa anachukuliwa saa sita. Na saa hiyo babu huingia zamu ghalani, mama yake Solenn yuko kiwandani akipanga dagaa mikebeni hadi jioni.

— Nani anafua sungura wa mtoto, Goulven? aliuliza Breki, dereva mstaafu wa treni.

— Alikuwa ananuka, bwana.

— Basi dawa ya moto ni moto. Mzike kwenye samadi siku mbili.

Profesa, ambaye hakuwahi kufundisha popote, alipinga. Alishauri sungura apakwe siagi, alaliwe na mbwa wa muuza nyama, kisha atundikwe juu ya moshi. Breki akataka kujua kama ni wa kulala naye au wa kuliwa na viazi.

Karibu yao alisimama mama mgeni, Mreno, aliyehamia wiki ile.

— Samahani, mzee. Kabla hujamfua, alikuwa ananuka nini?

Profesa akatazama kikombe chake.

Babu alivuka barabara, akaomba aitiwe mtoto, akamuuliza yeye. Solenn alipitisha mkono kwenye nondo za lango, akavuta koti la babu, akazika pua humo.

Shangazi anasema babu alikaa vile vile, ameinama, hadi kahawa yake ikapoa. Kisha akamtia sungura ndani ya shati, akaenda naye kazini, masikio yakichungulia kolani. Ijumaa mchana Solenn alilala.

Babu, Breki na Profesa wametangulia. Shangazi Yvette yu hai, Solenn na mama yake pia. Yule Mreno alihama mwaka uliofuata. Kama yu hai hatujui, na hakuna aliyemshukuru.