Wa Nne Kutoka kwa Fabian

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni mlioacha mashamba na biashara kuja kumuaga katibu wetu wa parokia, Mzee Lukasi, anayestaafu: Tumsifu Yesu Kristo!

Mimi ni Mwalimu Ponsiano, nimetoka Tumbi, Kibaha, pamoja na mama yangu, Bi Margareth, yule pale mbele mwenye kitenge cha buluu. Nimeomba dakika tano. Mzee Lukasi ananijua, ameshaangalia saa.

Ndugu zangu, kwa miaka ishirini na sita, kila Novemba, tulikuja hapa Kisarawe na majembe na chokaa kusafisha kaburi la bibi yangu Imakulata, kama alivyotuonyesha marehemu mjomba. Mama alipiga magoti, akalia, akaongea naye. Mwaka jana akaniambia, "Ponsi, nimezeeka. Kaniombee mahali kando ya mama." Nikamfuata katibu, nikidhani ni kazi ya kugonga muhuri tu.

Mzee Lukasi akafungua daftari la mazishi, akachukua futi kamba, akatoka nje kwenye jua kuhesabu makaburi, na umri wake ule. Aliporudi akasema, "Mwalimu, kaa kwanza. Lile ni kaburi la Fabian, seremala, hakuwa na ndugu. Bibi yako ni wa nne kutoka pale."

Jamani! Kwa huyo wa nne ndipo tulipokuwa tukitupa majani!

Nani kati yenu angekuwa na moyo wa kwenda kumwambia mama yake? Nilimwambia. Akasema, "Yaani muda wote huo nilikuwa namlilia mwanaume wa watu?" Tukacheka mpaka tukalia.

Lakini Mzee Lukasi hakuishia hapo. Alimsomea mama maandishi yote: Imakulata alifariki kwa uzazi, akaacha binti wa siku tatu, "ambaye mama yake amemwita Margareth." Mama alikuwa na miaka themanini na moja, na siku zote aliamini jina lake alipewa na masista waliomlea. Akaomba asomewe tena. Katibu akasoma mara tano, bila kumharakisha.

Mzee Lukasi, wengine watakushukuru kwa uaminifu na kwa miaka thelathini ya kazi. Mimi nakushukuru kwa kumpa mama yangu mama yake. Fabian naye hatumwachi, tunampaka chokaa kama kawaida, tumeshazoeana.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza kwa moyo. Na wewe mama, mahali pako kando ya bibi pameandikwa rasmi. Tafadhali, usiwe na haraka napo.