Girijamma, Mkaguzi wa Mapindo

Mtu akitoka msituni, awe jirani au mgeni wa heshima, Girijamma hakumpa maji kabla ya kumgeuza pindo la nguo. Alipitisha kidole kwenye mshono, kisha nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, akitafuta kupe. Alifanya hivyo hata mjini Shivamogga, siku ya harusi ya mpwa wake Sumangala, anayeusoma wasifu huu. Bibi harusi alikuwa ameshavishwa, wageni wanasubiri, na shangazi yake amepiga magoti sakafuni anakagua sari ya hariri.

"Shangazi, hii imetoka dukani."

"Kupe haulizi bei. Simama wima."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Hulimane, wilaya ya Sagara, mtoto wa pili wa Mzee Chandrappa na Bi Neelamma, wakulima wa popoo, zile kokwa zinazotafunwa na tambuu. Alisoma shule ya hapo hapo hadi darasa la saba. Alitaka kuendelea, lakini mama yake aliugua na mavuno yakahitaji mikono.

Tarehe 9 Mei 1971 aliolewa na Halappa wa hapa Kanamaradi. Walipendana, na walioishi nao wanakumbuka jinsi walivyokuwa wakitaniana kuhusu nani anamenya popoo haraka zaidi. Hawakujaliwa mtoto. Kila Jumamosi Girijamma alikwenda kuomba kwenye hekalu la Anjaneya, mungu mwenye uso wa tumbili.

Januari 1983 tumbili alikutwa amekufa chini ya mipopoo yao. Tangazo lilikuwa limeshatolewa: asiguswe, watu wa afya waitwe wamchome. Lakini kila mtu alijua kwamba wakija, msitu utafungwa, na ng'ombe watakosa majani makavu ya kulalia. Girijamma hakuwaza majani. Aliona jibu la maombi yake limelala mlangoni: akimzika kwa heshima, Anjaneya angempa mtoto. Alimwosha yule mnyama kwa mikono yake, akampaka manjano, akamvika maua ya njano, na Halappa akambeba begani hadi uwanja wa hekalu, kijiji kizima kikiimba nyuma yake. Hakuna aliyefikiria kwamba mwili ukipoa, kupe wenye homa huuhama na kutafuta damu nyingine. Halappa alishikwa na homa, akatoka damu kwenye fizi, na tarehe 2 Februari akafariki. Tangu siku hiyo Girijamma hakugusa tena ua la njano.

Kazi yake ilianza msimu uliofuata, bila kuajiriwa na mtu. Alisimama na kopo la mafuta ya kufukuza kupe pale njia inapoachana na mashamba na kuingia msituni, na mwanamke aliyekwenda kukusanya majani hakupita bila kupakwa miguu.

"Dada Girija, mafuta yako yananuka kuliko ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako hafi kwa homa hii, Lalita. Utakufa wewe. Lete mguu."

Mwaka 2008 alifanywa rasmi mhudumu wa afya wa kijiji, akatumikia hadi 2019. Lakini jambo lake kubwa lilitangulia hapo, mwaka 1991, tumbili mwingine alipofia karibu na hekalu na watu wakaanza tena kusuka maua. Girijamma aliwazuia. Mzee Puttappa, mtunza hekalu, alimjia juu.

"Unataka Anjaneya achomwe kama takataka?"

"Kaka Puttappa, wa kwanza nilimzika kwa maua mimi. Umesahau nilimzika nani baada yake?"

Mzee aliweka chini maua aliyokuwa ameshika. Wakakubaliana hapo hapo: maua yapelekwe hekaluni, kengele igongwe, na mwili uachiwe wenye buti na glavu. Ndivyo tunavyofanya hadi leo, na vijiji vya jirani vinafanya vivyo hivyo. Alipovishwa shali la heshima kwa ajili ya kazi hiyo, alikwenda akalitandika juu ya kaburi la Halappa, akarudi nyumbani.

Alikuwa ameshatuagiza mahali pa kumzika: kule mpakani mwa shamba, mbali na mumewe. Alisema hawezi kuketishwa kaburini, kama tunavyozika sisi, karibu naye kwa mikono ileile iliyomwosha tumbili. Tulimsihi, hakutaka kusikia.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana. Sumangala aliomba ruhusa chuoni anakofundisha, akaja kumuuguza. Mwezi uliopita shemeji yake, Mzee Basavarajappa, mdogo wa Halappa, aliingia akakaa pembeni ya kitanda.

"Shemeji, ile nafasi kando ya kaka nimeipalilia miaka yote hii. Sasa unataka nipande nini pale, ndizi?"

"Nilimuua, Basavaraja."

"Kilemba cha yule tumbili nilikifunga mimi. Ngoma tulipiga sote. Kama shida ni mikono, basi kijiji kizima kizikwe mpakani. Shamba lenyewe litatosha?"

Girijamma alicheka, kisha akalia, akageukia ukutani.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 16 Februari 2024. Ameacha kaka yake Shivalingappa, shemeji yake Basavarajappa, mpwa wake Sumangala na mumewe, na wanawake wa Kanamaradi ambao miguu yao aliijua kuliko nyuso zao. Shiva ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe alijinyima.

Kaburi mnaloliona limechimbwa kando ya Halappa, na wengine wenu mmeuliza kama agizo lake limevunjwa. Halikuvunjwa. Alhamisi jioni Sumangala alikuwa akimbadilisha sari. Shangazi yake alimshika mkono, akasema:

"Mkaniketishe kwa Halappa. Lakini pindo mlikague kwanza."